Ubani na Elimu ya Moyoni

Mtu aliyejifunza sura au shairi hata akawa hahitaji tena kulitazama karatasini, wazee wetu wa Unguja walisema analijua kwa ghibu, au analijua kwa moyo. Ubongo hawakuutaja. Moyo ndio uliokuwa sanduku la elimu; na kwa hiyo alipotokea mtoto asiyeshika anayosomeshwa, au mtu mzima mwenye mashaka akawa anasahau hata jina la jirani yake, lililotazamwa kwanza lilikuwa hali ya moyo huo: je, umetulia au umefadhaika? Dawa ya kusahau na dawa ya wasiwasi zilikuwa dawa moja. Katika insha hii twakusudia kuieleza dawa hiyo, nayo ni ubani: ulikotoka, jinsi ulivyokutana na mitishamba ya Kihindi yenye sifa hiyo hiyo katika maduka ya Mji Mkongwe, na jinsi ulivyotumika katika vyuo vyetu vya Kurani na majumbani mwetu.

Yafaa tuanze ng'ambo, India. Elimu ya tiba ya Kihindi iitwayo Ayurveda ina vitabu vya kale sana, na kimoja katika vilivyo mashuhuri ni Charaka Samhita. Kitabu hicho kinataja dawa nne za kuipa nguvu akili na kumbukumbu. Mojawapo ni mandukaparni, mmea mdogo utambaao katika ardhi ya majimaji, wenye majani ya mviringo mfano wa figo. Wataalamu wa mimea huuita Centella asiatica. Katika sehemu nyingi za India mmea huu huitwa pia brahmi, na hapo ndipo wanunuzi hutatizika, kwa sababu jina la brahmi hutumiwa vile vile kwa mmea mwingine wa majimaji, Bacopa monnieri, wenye majani madogo manene. Mimea yote miwili hukamuliwa maji yake yakanywewa, au hupikwa katika samli, au hutiwa katika mafuta ya kupaka kichwani. Na faida inayotajwa ni ile ile, kwamba mtu apate kushika anayosoma na moyo wake utue.

Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwako Unguja kabla Seyyid Said hajahamishia makao yake hapa kutoka Maskati, na baada ya hapo walizidi sana. Nyumba ya Jairam Shivji, Mabhatia wa Kutch, ndiyo iliyokodi forodha ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Makhoja na Mabohora nao wakajaza maduka yao katika vichochoro vya mji. Mtu ahamapo huhama na jiko lake na mkoba wake wa dawa. Tajiri mmoja wa Kikhoja, Tharia Topan, alianzisha mwaka 1887 ujenzi wa jumba kubwa la Mizingani kwa nia ya kuwatibu maskini. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika, mjane wake akaliendeleza, na baadaye ghorofa yake ya chini ikawa na duka la dawa. Wageni leo hulipiga picha kwa ajili ya nakshi za veranda zake, na hata sasa huitwa Dispensari ya Zamani. Watu walikwenda huko kwa homa na kwa vidonda. Kwa kusahau hawakwenda.

Basi mtu angetarajia kwamba brahmi, dawa mashuhuri namna hiyo kwa Wahindi, ingeingia katika lugha yetu kama zilivyoingia bidhaa na vyakula vyao. Haikuwa hivyo. Hatulikuti jina hilo katika kamusi zetu, ingawa Centella asiatica haihitaji jahazi kuifikia Afrika ya Mashariki. Huota yenyewe katika mabonde ya majimaji ya nchi nyingi za joto, na bara yetu ni mojawapo. Ndugu zetu wa Madagaska huuita mmea huo talapetraka, nao huutumia kutibia vidonda na maradhi ya ngozi. Wataalamu wamekwisha kuitoa ndani yake dawa yenyewe, na malhamu yake hutengenezwa viwandani hata leo. Jani ambalo Mhindi hulinywa ili akumbuke, Mmadagaska hulibandika kwenye kidonda.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Katika zile dawa nne za Charaka Samhita umo pia mzizi mtamu ambao sisi twauita urukususu. Jina hili tumelipata kwa Waarabu, na mzizi wenyewe huuzwa katika maduka ya dawa za kienyeji ya Darajani. Lakini mwulize muuzaji urukususu ni wa nini: atajibu ni wa kikohozi na wa kulainisha sauti, na pengine ataongeza kwamba waimbaji huupenda. Hatakwambia kwamba ni wa kumbukumbu. Mzizi umevuka bahari, lakini kazi yake moja imebaki ng'ambo. Sisi twaona sababu ni hii: mahali pa dawa ya kumbukumbu katika Unguja palikuwa pamekwisha kukaliwa. Mwenye mahali hapo alikuwa ubani.

Ubani ni utomvu wa miti ya jamii ya Boswellia, iotayo katika nchi kavu zenye mawe: Dhofari katika Omani, Hadhramauti, Somalia, Uhabeshi na Sudani. Mvunaji hukwangua gamba la mti kwa kisu. Utomvu mweupe kama maziwa hutoka, ukaachwa siku kadhaa ugande, kisha ukakusanywa kwa matone. Kwa Kiarabu huitwa luban, neno lenye asili moja na laban, yaani maziwa; Kiswahili kiliiacha herufi ya kwanza likawa neno letu. Mwanafunzi asiuchanganye ubani na sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, hasa ule wa kale uliofukuliwa ardhini Mrima, na katika karne ya 19 Zanzibar iliipeleka kwa wingi Marekani, katika bandari ya Salem, ikatengenezwe vanishi. Sandarusi ilitoka kwetu ikaenda ulimwenguni; ubani ulitoka nje ukaja kwetu.

Nao ulikuja zamani sana. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Isa, kinazihesabu bandari za pwani ya Somalia zilizouza ubani, kisha kinaendelea kusini hadi Azania na soko la Rhapta, ambako walinunua pembe za ndovu na magamba ya kasa. Kwa hiyo mabaharia waliofika pwani yetu walikwisha kupita katika nchi ya ubani. Upepo ndio ulioamua. Kaskazi ilipovuma, tangu Disemba hadi Machi, majahazi ya Arabuni, ya India na ya Somalia yaliteremka hadi Malindi ya Unguja na tende, papa mkavu, mazulia na ubani. Kusi ilipoanza yakarudi na boriti za mikoko na karafuu. Mtoto wa Mji Mkongwe aliweza kuujua msimu kwa kunusa tu.

Pamoja na ubani vilikuja vitabu, na ndani ya vitabu hivyo imeandikwa kazi ya ubani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, anaueleza katika kitabu chake cha Kanuni ya Tiba kwamba huipa akili nguvu. Anasema wako watu wanaoagiza maji yaliyolowekwa ubani yanywewe kila siku kabla ya kula kitu, kisha anaonya kwamba ukizidi huleta maumivu ya kichwa. Karibu miaka mia mbili baada yake, Sheikh Zarnuji aliandika kitabu kidogo cha kuwafundisha wanafunzi namna ya kusoma, na kitabu hicho kimeenea katika vyuo vya Kiislamu duniani. Humo amevitaja vinavyoongeza hifadhi: kupiga mswaki, kunywa asali, kula ubani pamoja na sukari, na kula zabibu nyekundu 21 kila siku kabla ya kufungua kinywa. Amevitaja pia vinavyosahaulisha, na baadhi yake vyachekesha: kula giligilani mbichi, kusoma maandishi ya makaburini, na kupita katikati ya msafara wa ngamia. Kwa hilo la mwisho watu wa Unguja hawakuwa na la kuogopa, kwani ngamia wa mji huu walikuwa wa kuzungusha vinu vya mafuta, na hawakwenda misafara.

Haya yaliingia katika nchi iliyoyahitaji. Elimu ya vyuo vyetu ilikuwa elimu ya kuhifadhi. Mtoto alianza na ubao, akaandikiwa herufi, akaiingia Juzuu Amma, akaenda hivyo hadi kuhitimu. Na aliyetaka kuendelea alihifadhi vitabu vizima vya fikihi na vya nahau. Alfiya ya Ibn Malik, ambayo ndiyo nahau ya Kiarabu iliyotungwa kwa beti zipatazo elfu moja, mwanafunzi mwenye bidii alitakiwa kuijua kwa ghibu kabla hajafasiriwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanafunzi wa pwani na wa visiwani walikuwa wakija Unguja kwa ajili ya darsa za wanavyuoni wawili waliofariki mwaka mmoja, 1925: Sheikh Abdallah Bakathir, aliyekuwa na chuo chake Ukutani, na Sayyid Ahmed bin Sumeit aliyekuwa kadhi. Vitabu vilikuwa haba na ghali. Mwanafunzi aliyerudi kwao Ngazija au Lamu hakuwa na sanduku la vitabu la kurudi nalo. Alirudi na kile alichokibeba kifuani, na kama kifua kilivuja, safari yake yote ilipotea. Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini bilauri ya maji ya ubani haikuwa upuuzi wa akina mama.

Namna ya kuyatengeneza ilikuwa nyepesi. Matone machache ya ubani safi, ule wa kutafuna unaoitwa ubani maka, yaliloweshwa usiku katika bilauri au kikombe cha udongo, yakafunikwa kwa kitambaa chepesi. Asubuhi maji yalikuwa yamegeuka meupe kidogo, nayo yalichujwa yakanywewa kabla ya chai, na mara nyingine yalitiwa asali. Ladha yake ni chungu kwa mbali, kisha hubaki ubaridi kooni. Ubani uliobaki haukutupwa. Mtoto aliutafuna njiani aendapo chuoni. Kando ya hayo lilikuwako kombe: mwalimu aliandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, ikaoshwa kwa marashi ya waridi, na maji yake akanywa mgonjwa au mwanafunzi. Bibi Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi kombe lilivyotumika kwa wagonjwa katika majumba ya mfalme. Kombe na ubani vilikwenda pamoja, lakini watu walijua tofauti yake. Kombe lilikuwa dua, na ubani ulikuwa dawa.

Tusidhani pia kwamba walimu waliuamini ubani kupita kiasi. Kuna kisa kilichosimuliwa sana katika vyuo vya madhehebu ya Shafii, kwamba Imamu mwenyewe alimlalamikia mwalimu wake Wakii kuwa hifadhi yake imekuwa mbaya, naye Wakii akamwelekeza kuacha maasi. Hakumpa ubani. Sisi tuliosoma chuo katika miaka ya 1970 tulikikumbuka kisa hicho kila tulipokosea mbele ya mwalimu, kwa sababu kilifuatiwa na bakora. Na katika chuo chetu alikuwako mwenzetu mmoja ambaye mama yake alimnywesha maji ya ubani kila siku ya Mungu, hata nguo zake zikanuka ubani, lakini hakuvuka Sura ya Amma kwa mwaka mzima. Na mwingine, mtoto wa mchukuzi wa bandarini, ambaye hatukupata kumwona akitafuna kitu chochote isipokuwa embe mbichi, alihifadhi kwa kusikia mara mbili. Tunayaeleza haya ili msomaji asije akadhani kwamba twamwuzia dawa.

Ubani ulikuwa na kazi nyingine, na hiyo ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi maana yake. Watu wa Unguja hutofautisha udi na ubani. Udi ni wa harusi, wa nguo, wa kitanda na furaha. Ubani hufukizwa katika chetezo penye maulidi, penye hitma, penye maiti na pale panapoombwa dua. Na fedha ipelekwayo kwa waliofiwa, neno lake katika Kiswahili ni ubani. Kwa hiyo mtu alikunywa ubani ili asisahau alichosoma, na jirani zake walipeleka ubani kwa wafiwa wake ili asisahauliwe. Hatujui kama ni watu waliokaa wakaipanga maana hii. Lugha mara nyingi hupanga mambo peke yake.

Sayansi ya siku hizi nayo imeuchungulia ubani. Mwaka 2008 wataalamu waliofanya kazi Jerusalem, akiwemo Raphael Mechoulam, walitangaza kwamba kitu kimoja kilichomo katika utomvu wa Boswellia, walichokiita incensole acetate, kiliwapunguzia panya dalili za hofu na huzuni. Hayo ni ya panya, na dozi ilikuwa ya maabara. Hayathibitishi kwamba bilauri ya Ukutani humsaidia mwanafunzi kushika nahau. Lakini hayawafanyi wazee wetu kuwa wajinga, maana wao walianza na utulivu wa moyo kabla ya hifadhi, na mlango ule ule ndio uliobishwa na maabara. Tanzania nayo ilianzisha kitengo cha uchunguzi wa dawa za asili pale Muhimbili mwaka 1974, na vijana wetu wa sayansi wasione haya kuipeleka huko bilauri ya bibi zao. Mwalimu, hata hivyo, asimwagize mwanafunzi kunywa ubani kabla ya mtihani; mja mzito na mwenye kutumia dawa za hospitali wamwulize daktari kwanza.

Na miti yenyewe imo hatarini. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi juu ya Boswellia papyrifera, mbani wa Uhabeshi, Eritrea na Sudani, ambao hutoa sehemu kubwa ya ubani wa dunia. Katika misitu mingi iliyochunguzwa hapakuwa na miche michanga iliyofikia kuwa miti, kwa sababu ya moto, ya mifugo na ya kukwanguliwa mno. Wachunguzi walikadiria kwamba mavuno yatapungua kwa nusu katika muda wa miaka 20. Muuzaji mmoja wa Darajani tuliyemsomea habari hii alicheka, akasema ubani hautakwisha kwa kuwa haujapata kwisha. Kisha akaongeza bei.

Tumebakiwa na jambo moja, na msomaji atuwie radhi tukilitoa nyumbani kwetu. Bibi yetu mzaa mama aliujua ubani kwa jino. Alitia tone mdomoni, akalitafuna mara tatu, akasema huu wa Somalia, huu wa Dhofari, huu wamechanganya na sandarusi. Maana ubani mzuri hulainika ukawa mweupe na kushikamana, bali sandarusi huvunjika chini ya jino kama kioo. Alikuwa na majina ya kila namna, kwa rangi, kwa ukubwa wa tone na kwa msimu wa jahazi. Sisi tulikuwa na kalamu, tulikuwa na karatasi za serikali mezani, na tulikuwa tukiandika mashairi juu ya bahari. Majina yale hatukuyaandika.

Uzee ukamjia na kusahau. Alianza kwa kusahau funguo, akaendelea kwa kusahau siku, mwisho akatusahau sisi, akawa akituita kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa. Mama alimpa maji ya ubani kila asubuhi kama alivyopewa yeye utotoni, na hayakumrudishia hata jina moja. Lakini jioni, chetezo kilipowekwa barazani na moshi wa ubani ukapanda, mikono yake iliacha kuhangaika na vidole vikatulia juu ya kanga. Kisha alisoma Yasini kwa ghibu tangu mwanzo hadi mwisho, bila ya kukosea herufi, na sisi ambao hakutujua tulikuwa tukimfuata kwa msahafu.

Kopo lake la ubani tunalo. Ndani yake mna matone ya namna tano au sita, mengine ya manjano, mengine meupe yenye vumbi, na moja kubwa la rangi ya kijani hafifu ambalo alikuwa akiliweka mbali na mengine. Tumelipeleka kwa wauzaji watatu, na kila mmoja amelipa jina lake.